Utunzaji wa Mbwa na Paka Majumbani

(Matini ya mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Wizara mbele ya wafanyakazi wa Serikali, masheha na wananchi)

Ndugu Mwenyekiti,
Waheshimiwa Masheha,
Ndugu Wafanyakazi wenzangu,
Wananchi, Mabibi na Mabwana,



  Mada niliyopewa ni utunzaji wa mbwa na paka tunaoishi nao majumbani. Baadhi ya wenzangu waliposikia hivyo walicheka, wakaniuliza kama Wizara imekwishiwa na mambo ya kueleza hata imtume Afisa Habari kuzungumzia mbwa. Niliwajibu kwamba mtoto akiumwa na mbwa mwenye kichaa, hakuna ofisi katika visiwa hivi isiyohusika: ya afya, ya mifugo, ya wilaya, ya elimu ikiwa mtoto alikuwa njiani kwenda skuli, na kabla ya zote hizo ni mlango wa sheha ndio utakaogongwa. Kicheko kikakatika.

Ndugu wananchi, wanyama hawa si wageni kwetu. Paka yumo takriban katika kila nyumba ya mjini na shamba, na anayefika soko la samaki la Darajani asubuhi huwakuta wamekwisha kujipanga kabla ya wachuuzi. Mbwa naye ana nafasi yake. Wako wanaomfuga kwa kulinda nyumba na maduka, wako wenye mashamba ya muhogo na ndizi wanaomtegemea kuwatimua wanyama waharibifu, na katika vijiji vya kusini ya Unguja wasasi wamekuwa wakitoka naye maporini tangu enzi za babu zetu. Hivi karibuni imezidi pia desturi ya kumfuga kama rafiki wa nyumba, hasa kwa waliowahi kuishi Ulaya au nchi za Ghuba. Kila mmoja kati ya hao ana sababu zake. Linalowaunganisha ni kwamba mnyama aliyemo chini ya mkono wa mtu ni dhamana ya mtu huyo, na akimdhuru jirani, hawezi kusema hamjui.

Kwa kuwa wengi wetu tulikaa chuoni kabla ya kukaa skuli, si vyema nikalipita suala la dini kimya kimya. Hukumu za tohara wanazo masheikh wetu, nami sikuja kuwapokonya kazi yao. Sisi tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi tumefundishwa kwamba mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba kina utaratibu wake wa kuoshwa: mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini kujiepusha na najisi ni jambo moja, na kumtesa mnyama ni jambo jengine kabisa. Mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba ametajwa kuwa na ruhusa. Mbwa wa Watu wa Pangoni ametajwa katika Sura ya al-Kahf akiwa amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Na sote tumesikia habari za mtu aliyeteremka kisimani akamletea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake akasamehewa, na za mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila ya kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Anayemrushia jiwe mbwa aliyelala kivulini, basi na asiseme kwamba amefanya hivyo kwa ajili ya dini.

Sasa niingie katika kiini cha mazungumzo yangu, nacho ni maradhi ya kichaa cha mbwa.

Maradhi haya husababishwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama anapouma, au anaporamba jeraha lililo wazi, virusi huingia mwilini, vikafuata mishipa ya fahamu polepole hadi kufika kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa yaweza kuwa wiki moja au mwaka mzima. Katika kipindi chote hicho aliyeumwa hula, hulala na huenda kazini kama kawaida, na kidonda chake huenda kimekwisha kupona na kusahauliwa. Ndipo huanza homa, kuwashwa au kufa ganzi pale alipoumwa, fadhaa, na kushtuka kwa maji na upepo. Zikishadhihiri dalili hizo, tiba haipo. Takriban kila anayefikia hatua hiyo hufariki dunia. Shirika la Afya Duniani limekuwa likikadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa maradhi haya, wengi mno wakiwa Asia na Afrika, na kwamba katika kila wahanga kumi, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Kati ya wagonjwa hao hadi asilimia 99 wameambukizwa na mbwa.

Nimetaja tarakimu hizo kwanza ili mtambue uzito wa jambo. Ajabu ya maradhi haya ni kwamba ndiyo yanayoua kwa hakika kuliko takriban mengine yote, na pia ni miongoni mwa yanayozuilika kwa wepesi mkubwa. Chanjo ya kumwokoa aliyekwisha kuumwa imejulikana tangu tarehe 6 Julai, 1885, pale Louis Pasteur alipoitumia mjini Paris kwa mtoto wa miaka tisa aitwaye Joseph Meister, naye akaishi. Chanjo ya mbwa mwenyewe nayo ipo, na kinga yake ni ya kuaminika. Hivyo basi, anayekufa leo kwa kichaa cha mbwa hafi kwa kukosekana elimu ya tiba ulimwenguni. Hufa kwa sababu elimu hiyo haikumfikia kwa wakati, au ilimfikia akaidharau.

Mfano bora hauko mbali, nao ni kisiwa chetu cha Pemba. Kuanzia mwaka 2010 hadi 2020 wataalamu wa hapa kwetu, wakiwa pamoja na watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara na wa Chuo Kikuu cha Glasgow, walifuatilia kila tukio waliloweza la mnyama mwenye kichaa na kila mtu aliyeumwa, wakawa wanauliza nyumba kwa nyumba: mbwa huyu alitoka wapi, aliumwa na nani, naye amemuuma nani? Waliyoyapata kwa kuuliza waliyalinganisha na uchunguzi wa virusi vyenyewe maabara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023, nami naona kila mfanyakazi wa umma apaswa kuyajua.

Ilibainika kwamba mwaka 2010 palikuwa na minyororo mitano ya maambukizo ikienda sambamba kisiwani. Ikaanzishwa chanjo ya mbwa ya kila mwaka kisiwa kizima. Mwanzo haikuwafikia mbwa wote inavyotakiwa, lakini utekelezaji ukaimarishwa, na idadi ya mbwa wagonjwa, ya watu walioumwa na ya waliokufa ikawa inateremka. Ilipofika Mei 2014 minyororo yote mitano ilikuwa imekatika. Pemba ikawa haina kichaa cha mbwa.

Hapo ndipo penye funzo, Ndugu Mwenyekiti. Baada ya ushindi ule, chanjo ililegalega. Ni tabia ya binadamu; nyumba isiyovuja hakuna anayepanda juu kutazama makuti. Mwishoni mwa mwaka 2016 maradhi yaliingia tena kutoka nje ya kisiwa, si mara moja bali mara mbili, yakawakuta mbwa wengi hawana kinga, na mripuko ukatokea. Ililazimu chanjo ya kisiwa kizima irejeshwe, na mripuko huo ukamalizika Oktoba 2018. Watafiti wale walieleza pia kwamba chanjo anayopewa mtu aliyeumwa humwokoa mtu huyo kwa gharama inayostahiki kabisa, lakini haikati mnyororo wa maambukizo. Kinachoukata ni chanjo ya mbwa peke yake.

Kipimo wanachokitaja wataalamu ni kuwachanja mbwa wasiopungua asilimia 70. Yaani shehia yenye mbwa kumi, wachanjwe saba, na wachanjwe kila mwaka. Wapo wanaouliza kwa nini kila mwaka. Sababu mojawapo ni kwamba mbwa hawaishi sana katika mazingira yetu. Hufa na kuzaliwa wengine kwa haraka, kwa hivyo saba waliochanjwa mwaka huu, mwakani huenda wamebaki wanne katikati ya watoto wapya wasio na kinga yoyote. Na hapa kuna kosa linalorudiwa na wengi: mtu huja na mbwa mkubwa kituoni akaacha nyumbani watoto wake kwa kudhani kwamba wangali wadogo. Watoto wa mbwa nao waletwe. Hao ndio wanaobebwa na wanetu, na ndio wanaong'ata vidole mchezoni.

Ndugu wananchi, ni vyema ikafahamika jinsi ya kumtambua mnyama mgonjwa, kwani zimeenea dhana zisizo sahihi. Wengi huamini kwamba mbwa mwenye kichaa huogopa maji. Hofu ya maji ni dalili ya binadamu. Mbwa mgonjwa anaweza kuvuka mfereji au kuingia baharini bila ya wasiwasi. Dalili ya kutazamwa kwanza ni kubadilika kwa tabia. Mbwa mkali akawa mnyonge ghafla, au mpole akaanza kuuma watu, mawe na miti bila ya kuchokozwa. Hutangatanga mbali na kwao, sauti yake huwa nzito na ya kukwaruza, mate humtoka, taya hulegea, na mwisho miguu hupooza. Wengine hawafanyi ukali wowote: hujificha uvunguni na kushindwa kumeza. Hawa ndio hatari zaidi kwa mwenye huruma, kwa sababu humdhania amekwamwa na mwiba wa samaki akatia mkono kinywani kumsaidia.

Mtu akiumwa na mbwa au paka, hata kama ni mkwaruzo mdogo uliotoa damu, jambo la kwanza ni maji na sabuni. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, kwa saa, si kwa kukisia. Sabuni ya kufulia yafaa, na maji ya kisima yafaa. Kuosha huko huondoa virusi vingi kabla havijaingia ndani, na hakuna hospitali iliyo karibu zaidi kuliko mtungi wa nyumbani. Baada ya hapo apelekwe kituo cha afya siku ile ile aanze chanjo, na arudi kwa kila tarehe atakayoandikiwa, hata kama hajisikii vibaya. Majeraha mazito huhitaji pia dawa maalumu ya kinga inayodungwa kwenye jeraha lenyewe. Hilo ataamua daktari. Kupaka pilipili, mafuta ya taa, majivu au unga wa kahawa hakuna faida, bali kunalichokonoa jeraha. Na mganga wa kienyeji, pamoja na heshima yake, asiwe sababu ya kupoteza siku.

Nasisitiza jengine. Mbwa aliyeuma asiuawe kwa hasira ikiwa yawezekana kumfungia mahali salama. Mbwa aliyekuwa akiambukiza siku aliyouma atakuwa amekwisha kuonesha dalili au kufa katika siku 10, na kumwangalia muda huo humsaidia daktari kujua la kufanya. Lakini chanjo ya mtu haisubiri siku hizo. Inaanza mara moja, na ikiwa mbwa atabaki mzima, daktari ataamua kuisimamisha. Mbwa akifa, taarifa ipelekwe ofisi ya mifugo, mzoga usiguswe kwa mikono mitupu, wala usizikwe kabla wataalamu hawajaarifiwa, kwani uchunguzi hufanywa kwenye ubongo wake.

Baada ya hayo, nije kwenye utunzaji wa kila siku. Mbwa anahitaji maji safi wakati wote, kivuli, chakula na nafasi ya kutembea. Kwa maneno mepesi mtu angesema hayo si mengi, lakini tazameni uani kwa majirani. Mara nyingi utamkuta amefungwa kwa mnyororo mfupi chini ya mwembe tangu alfajiri, kigae chake cha maji kimekauka, kisha mwenyewe hujisifu kwamba mbwa wake ni mkali. Mbwa anayefungwa mchana kutwa bila ya kutembezwa hawi mlinzi. Huwa na wahka, na siku mnyororo ukikatika huuma wa kwanza kupita, ambaye mara nyingi ni mtoto wa nyumba ile ile. Kamba iwe ndefu, afunguliwe ndani ya ua jioni, na atembezwe.

Kuhusu chakula, wengi wetu huwapa makombo. Wali au ugali uliochanganywa na samaki au dagaa humtosha mbwa mzima, ikiwa chumvi na pilipili ni kidogo. Mifupa ya kuku iliyopikwa isitumike, kwani huvunjika vipande vikali vikamtoboa utumbo. Vitunguu maji, vitunguu saumu, zabibu kavu na chokoleti ni sumu kwake. Kwa hivyo masalio ya biriani yenye zabibu na vitunguu, ambayo tunayaona ni ukarimu siku ya harusi, si ukarimu kwake. Mwenye paka naye asimpe dawa za binadamu. Kidonge kimoja cha parasetamoli chaweza kumuua paka.

Minyoo inahitaji kutajwa kwa sababu inagusa watoto. Mayai ya minyoo ya mbwa na paka hutoka pamoja na kinyesi, na viluwiluwi vyake huishi katika mchanga wenye unyevu na kivuli. Mtoto akicheza hapo bila ya viatu huweza kuingiwa na mnyoo chini ya ngozi, ukaacha mstari mwekundu wenye kuwasha unaojipinda kama njia ya konokono. Dawa ya minyoo kwa mnyama hupatikana kwa daktari wa mifugo na si ghali kuliko matibabu ya watoto watatu. Kinyesi kizolewe na kufukiwa, na mikono ioshwe. Mama mjamzito asisafishe mahali pa haja pa paka, kwani kuna maradhi yanayoweza kumfikia mtoto tumboni.

Walimu wa skuli na madrasa nawaomba wawafundishe watoto mambo machache. Mbwa asisumbuliwe akiwa anakula, amelala au ananyonyesha. Asikumbatiwe shingoni wala kutazamwa machoni. Na mbwa asiyejulikana akija mbio, mtoto asikimbie, kwa maana kukimbia ndiko kunakomwita mbwa. Asimame wima kama mnazi, mikono ubavuni, atazame chini, mpaka mbwa anuse na kwenda zake. Watoto hulipenda zoezi hili na hulishika upesi kuliko sisi.

Nimeombwa niseme neno juu ya mbwa wadogo wa pua bapa waitwao pagi, ambao vijana wetu huwaona kwenye simu zao na wengine huuliza namna ya kuwapata. Asili yao ni China, ambako walifugwa katika nyumba za wafalme. Walifika Uholanzi katika karne ya 16, wakapendwa na ukoo wa kifalme wa huko, na inasimuliwa kwamba William na Mary walipokwenda kutawala Uingereza mwaka 1688 na 1689 walikwenda nao. Ni mbwa mpole, mwenye uzito wa kilo 6 hadi 8, anayependa watoto na asiyebweka sana. Kwa tabia, ni mnyama wa kukaa na familia.

Tabu yake imo katika umbile alilochaguliwa na binadamu. Mbwa hatoki jasho kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, hewa ikipita juu ya ulimi na ndani ya pua. Pagi amefupishwa pua kizazi baada ya kizazi mpaka nyama laini za ndani zimekosa nafasi: matundu ya pua ni membamba, na kaakaa laini ni refu likiziba koo. Kukoroma kunakowachekesha watu ni mnyama anayetafuta pumzi. Macho yake yametoka nje, hivyo huumia kwa upesi, na mikunjo ya uso hushika unyevu na kuoza. Mwaka 2022 watafiti wa Royal Veterinary College ya London walieleza kwamba uwezekano wa mbwa hawa kupatwa na maradhi katika mwaka mmoja ni karibu mara mbili ya mbwa wengine. Na Uholanzi ile ile iliyowapa umaarufu, tangu mwaka 2019 imekuwa ikizuia kuzalishwa kwa mbwa wenye pua fupi kupita kiasi.

Sasa mchukueni mnyama huyo mkamlete katika joto letu la Januari na Februari, pamoja na unyevu wa bahari unaofanya hata nguo zisikauke. Hewa yenye unyevu haikaushi ulimi, kwa hivyo kuhema hakumpozi. Mashirika mengi ya ndege hukataa kumbeba mbwa wa namna hii katika sehemu ya mizigo, kwa kuogopa kufa njiani. Kwa maoni yangu, asiye na chumba chenye hewa nzuri na daktari wa mifugo aliye karibu asiagize pagi. Mbwa wetu wa kienyeji, mwenye pua ndefu na miguu mikavu, amekwisha kuizoea ardhi hii, akilelewa tangu mdogo huwa mpole vile vile, na wapo wengi wanaohitaji nyumba.

Aliye naye tayari amtunze. Atembezwe alfajiri au baada ya magharibi, afungwe mkanda wa kifuani badala ya kitanzi cha shingoni, asinenepeshwe, mikunjo ya uso ipanguswe na kukaushwa kila siku, na asiachwe ndani ya gari hata kwa dakika tano. Akionekana anahema kwa nguvu, ulimi umekuwa mwekundu sana au wa buluu, anapepesuka au anatapika, aondolewe juani, amwagiwe maji ya kawaida mwilini, apepewe, apewe maji kidogo akiyataka mwenyewe, na apelekwe kwa daktari huku akiendelea kupozwa. Maelezo haya yanafaa pia kwa paka wa Kiajemi wa uso bapa, ambao nao huagizwa kutoka Ghuba.

Ndugu Mwenyekiti, limebaki suala la mbwa wasio na mwenyewe. Kila panapotokea mtu kuumwa, husikika sauti za kutaka mbwa wote wauawe kwa sumu. Naielewa hofu ya mzazi. Lakini Shirika la Afya Duniani limeeleza wazi kwamba kuua mbwa kiholela hakuondoi kichaa cha mbwa. Wanaouawa kwanza ni wale wanaokaribia watu, ambao ndio waliochanjwa. Nafasi yao huchukuliwa na wengine kutoka mbali wasio na kinga, na wenye mbwa huwaficha siku ya chanjo wakidhani ni mtego. Sumu yenyewe huliwa na kuku, paka na kunguru, na huweza kuokotwa na mtoto. Njia iliyothibitika ni chanjo, kufunga kizazi cha mbwa na paka, na kuondoa majaa ya taka yanayowalisha. Hilo la majaa ni letu sote. Hata baadhi ya ofisi za Serikali, na hapa nawatazama wafanyakazi wenzangu, zina jaa nyuma ya jengo linalolisha mbwa na paka wasiohesabika, kisha wakubwa hushangaa kwa nini wamezidi.

Waheshimiwa Masheha, kwenu ninyi nina ombi mahususi. Kila shehia iwe na daftari la mbwa: jina la mwenyewe, idadi ya mbwa pamoja na watoto wao, na tarehe ya chanjo ya mwisho. Daftari la skuli la mia mbili latosha. Bila ya hesabu hiyo hatujui saba katika kumi ni wangapi. Timu ya chanjo ikipangwa, siku na mahali vitangazwe misikitini baada ya sala, skulini, na kwenye baraza za kahawa, na wasasi waarifiwe mapema kwa sababu huondoka na mbwa alfajiri kabla ya timu kufika.

Kwa wenye vyombo vya baharini, manahodha wa majahazi na mashua, na wasafiri wa bandari ndogo ndogo: mbwa asipakiwe kwenda kisiwa chochote bila ya cheti cha chanjo na ruhusa ya ofisi ya mifugo. Yaliyotokea Pemba mwishoni mwa 2016 yaliingia kutoka nje ya kisiwa, na bahari haivukwi na mbwa kwa kuogelea. Atakayemwona mbwa akishushwa usiku bandarini amweleze sheha au afisa mifugo wa wilaya siku ile ile.

Anayetaka kujua tarehe ya chanjo katika eneo lake, au mwenye mnyama anayemtilia shaka, afike ofisi ya mifugo ya wilaya yake saa za kazi, au amwone sheha wake wakati wowote. Aje na mbwa amefungwa kamba imara, na aliye mkali afungwe kinywa kwa kitambaa. Paka aletwe ndani ya kikapu chenye kifuniko, na si mikononi.

 Niko tayari kupokea masuala.